Jicho la Pili

Jumapili asubuhi watu wenye akili zao wako kanisani au wamelala. Ephraimu alikuwa amesimama kwenye tope nyuma ya bwawa la shamba la maua, Usa River, anaangalia ndege aina ya korongo.

Mvua ilinyesha usiku kucha. Shamba la jirani, lililolimwa na trekta kungoja mahindi, lilikuwa limegeuka uji mweusi, na juu ya huo uji walisimama korongo weupe, wengi mpaka ungedhani kuna mtu kaanika mashuka chini. Midomo myekundu, miguu mirefu myekundu, shingo wamekunja, hawana habari na mtu. Kila mwaka mwezi wa tatu wanakusanyika hivi. Wanashiba panzi na viwavi, halafu siku wakipata jua zuri wanapanda juu na kwenda zao Ulaya, ambako baridi inaisha na mapaa ya watu yanawangoja wajenge viota. Hawaagi mtu hao.

Ephraimu alifuta kioo cha simu kwenye suruali, akapiga picha, akaituma kwenye kundi. Macho ya Meru, ndivyo kundi lilivyoitwa, na kazi yake ilikuwa moja tu: watu wa Arusha wanaopenda ndege kuambiana nani kaona nini na wapi.

"Korongo weupe," akaandika. "Usa, nyuma ya bwawa la maua. Wamejaa shamba zima. Natafuta jicho la pili."

Hilo jicho la pili lilikuwa sheria. Ukiona ndege wa msimu unataja mahali, halafu unabaki pale pale mpaka afike mwenzako aone na yeye. Ukiona peke yako haihesabiki. Sheria aliileta Mzee Hans, dereva mstaafu wa watalii na mkubwa wa kundi, tangu ile siku jamaa mmoja aliapa kaona tai ametulia kwenye mti huko Meru. Watu wakapanda mlima na chupa za chai. Wakakuta mfuko wa plastiki umenasa kwenye tawi.

Mwaka mzima uliopita Ephraimu hakuwa na shida ya jicho la pili. Alikuwa na Lydia. Akiandika tu, kabla hajarudisha simu mfukoni, Lydia kashajibu, "Nakuja." Mpaka wenzao wakawa wanawatania, kwamba hawa wawili sijui wanaona ndege au wanaonana.

Tangu Krismasi Lydia hakujibu tena. Ujumbe alikuwa anausoma, hilo Ephraimu alilijua, simu haifichi. Anasoma, ananyamaza.

Simu ikatetemeka. Alikuwa Nancy: "Hongera kaka, mimi nipo ibadani, nasomea chini ya benchi." Akafuata Mzee Hans: "Safi sana. Usitoke hapo. Tukimaliza kanisani nakuja."

Halafu kimya, nusu saa na zaidi. Ephraimu akavuta kola ya ovaroli lake la kuchomelea vyuma, lenye matundu ya cheche kifuani, akajikunyata. Kuna upweke wa kukaa chumbani Sombetini, majirani wanapiga muziki na wewe huna wa kumwambia lolote. Huo kashauzoea. Huu wa kuona kitu kizuri halafu huna wa kumgusa bega ukamwambia tazama, huu ulikuwa unamla.

Akasikia maji yanachapwa nyuma yake.

Alikuwa Lydia. Gauni la kitenge la kanisani kalikusanya kwa mkono mmoja, viatu vya kisigino kavishika kwa mkono mwingine, miguu peku, tope mpaka chini ya magoti. Darubini inaning'inia shingoni.

"Wako wapi?" akauliza. Hata salamu hakutoa.

"Lydia."

"Nimeuliza korongo wako wapi."

Ephraimu akanyoosha kidole, ingawa walikuwa wamejaa mbele yao hata kipofu angewahisi. Lydia akaweka darubini machoni. Akatazama taratibu, kuanzia upande wa bwawa mpaka kwenye mstari wa miti ya migrevilea, kama anavyofanya siku zote, na Ephraimu akapata nafasi ya kumtazama yeye. Nywele kasuka upya. Kwenye sikio hereni ndogo asizozijua. Akajiuliza kampa nani, akajikataza kujiuliza.

"Umekonda," akasema.

"Sijaja kupimwa."

"Nasema tu."

"Kuna mmoja anachechemea," Lydia akasema, jicho bado kwenye darubini. "Umemwona?"

"Wapi?"

"Pale kushoto, karibu na kichuguu." Akavua mkanda wa darubini shingoni, akampa bila kufikiri, kama zamani. Vidole vikagusana. Mkanda ulikuwa na joto la shingo yake na harufu ya mafuta ya nazi, na Ephraimu kwa muda hakuona korongo wala kichuguu.

"Namwona," akadanganya. Baadaye akamwona kweli. "Masikini. Huyo hatafika."

"Umejuaje?"

"Si mguu ule."

"Anaruka, Ephraimu. Haendi Ulaya kwa miguu."

Wakacheka. Kicheko kilitoka kabla hawajakumbuka kwamba wamegombana, na kilipokumbukwa kikakatika katikati.

Walianza kwa kicheko hivyo hivyo. Ephraimu alikuwa Njiro, anafunga nondo za madirisha nyumbani kwa kina Lydia, msichana akatoka ndani na darubini, akamwambia, "Fundi, hebu pumzisha nyundo, unanifukuzia mgeni." Mgeni mwenyewe alikuwa keremkerem kwenye waya wa umeme, kijani na njano kama kapakwa rangi jana. Ephraimu aliyeacha shule kidato cha pili, aliyedhani ndege ni kuku na wengineo, akapewa darubini, akatazama. Akapona ujinga mmoja, akapata ugonjwa mwingine.

"Kwa nini hujakaa kanisani?" akauliza sasa, akimrudishia darubini.

"Nimetoka kabla ya mahubiri. Nilikuwa naimba, simu ikatetemeka kwenye mkoba, nikaona jina lako." Akaivaa darubini shingoni. "Leo saa tisa wanakuja."

"Nani?"

"Usijifanye. Kina Prosper."

Prosper alikuwa mhasibu, mtoto wa rafiki wa baba yake Lydia, wote watu wa Machame, wote kanisa moja. Ephraimu aliwahi kumwona mara moja tu. Alitafuta kasoro kwake, akaikosa, akamchukia zaidi.

"Wanakuja kufanya nini?"

"Kusikia jibu. Posa ilishafika."

"Na jibu ni lipi?"

"Sijalitoa." Lydia alikuwa anatazama korongo. "Jana usiku baba aliniuliza, mwanangu, kuna mtu mwingine? Nikasema yupo. Akauliza, yuko wapi? Nikakosa la kusema. Akaniambia, mtu gani huyo anayeonekana kwako tu."

Ephraimu akakwangua tope kwa ncha ya buti.

"Sisi kwenye kundi," Lydia akaendelea, "mtu akiona peke yake hatuhesabu. Mimi mwaka mzima nakuona peke yangu. Hakuna mtu wa kwetu anayekujua, hakuna mtu wa kwenu ninayemjua mimi. Nikiwaambia watu unanipenda, nawaonyesha nini?"

"Mama yako si ananijua? Alinipa chai."

"Alimpa chai fundi."

"Ndiye mimi."

"Ephraimu, usinichoshe." Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu angepaza. "Disemba nilikwambia njoo nyumbani, njoo na wazee wako. Ukasema nitakuja. Nikakwambia tena. Ukasema tuone mbele. Mbele ndiyo hapa."

"Nilikuwa na sababu zangu."

"Zitaje."

Korongo mmoja akagonganisha mdomo, kwa-kwa-kwa-kwa, wa pili akamjibu.

Lydia akavuta pumzi. "Haya. Mama yuko barabarani."

"Mama nani?"

"Mama yangu, kwenye gari. Tumetoka wote kanisani. Nimemwambia kuna mtu nataka umwone kwa macho yako kabla ya saa tisa. Kakubali kuja na hasira zake zote. Twende ukamwamkie. Sikuombi kingine. Shikamoo moja tu, aone kwamba upo."

Moyo wa Ephraimu ukaruka, halafu ukaanguka vibaya. Akajitazama. Mabuti ya mpira yamejaa tope, ovaroli matundu, kucha nyeusi za kazi.

"Hivi nilivyo?"

"Hivyo ulivyo."

"Ningejua ningevaa."

"Sijaja kuona nguo."

Akageuka kutazama njia ya kwenda barabarani. Haikuwa mbali, ungesikia magari ya Moshi yakipita. Miguu ikakataa. Na mdomo, kama kawaida yake, ukakimbilia pa kujificha.

"Siwezi kuondoka hapa," akasema.

"Kwa nini?"

"Nimeshaandika kwenye kundi. Mzee Hans kasema nisitoke."

"Mpaka lifike jicho la pili. Mimi ndiye jicho la pili. Nimefika, nimeona."

"Na wengine wakija? Nani atawaonyesha?"

Lydia akamtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu afike. Alimtazama kama anavyotazama ndege asiyemtambua, kichwa kikiinama kidogo upande.

"Wewe ukiogopa hutetemeki kama watu wengine," akasema. "Ukiogopa unapata kazi."

Ilimchoma kwa sababu ilikuwa kweli, na Ephraimu akichomwa huwa hajui kunyamaza.

"Basi nenda kwa Prosper. Ana gari, ana shule, hana tope. Mnajuana mpaka ukoo. Mimi unanitafutia nini huku porini?"

Maneno yakishatoka hayarudi. Aliyaona yakimfikia.

"Prosper namjua tangu tukiwa Sunday School," Lydia akasema polepole. "Hanichekeshi. Keremkerem kwake ni ndege tu. Lakini kuna kitu kimoja kakushinda. Amekuja."

Akatoa simu kwenye mkoba, akaandika kwenye kundi kwa kidole kimoja, maana mkono mwingine ulikuwa bado na viatu: "Nimeona. Korongo weupe, wengi sana. Mmoja anachechemea." Akatuma. Simu ya Ephraimu ikatetemeka mfukoni.

"Imehesabiwa," akamwambia. "Baki salama."

Akaondoka vile vile alivyokuja, gauni mkononi, akikanyaga maji. Ephraimu alimwita moyoni, na moyoni hakuna anayesikia.

Akatoa simu. Dismasi, mtani wa kundi, alikuwa kashaandika: "Jamani wale wawili wamerudiana. Korongo wana baraka." Nancy akaweka maua. Mzee Hans akaweka mikono ya amina. Watu wote wa Macho ya Meru walikuwa wanamshangilia, na yeye yuko peke yake shambani kama sanamu ya kutishia ndege.

Ndipo jua likatoka. Wingu la Meru lilipasuka upande wa mashariki, mwanga ukashuka kwenye shamba, mvuke ukaanza kupanda kutoka kwenye tope. Korongo mmoja akafungua mabawa, akakimbia hatua chache, akaruka. Wakafuata kumi, wakafuata wote. Walikuwa wanazunguka bila kupiga bawa, wanapanda tu, mzunguko juu ya mzunguko. Hilo ndilo jambo kila mtu kundini alikuwa analisubiri mwaka mzima, na aliyepo alitakiwa apige picha, aandike saa, aseme wameelekea wapi.

Ephraimu hakuandika kitu. Alikuwa anakimbia.

Mabuti ya mpira hayakutengenezwa kwa mbio. Alianguka kwenye mfereji, akaamka, akapoteza pumzi, akafika barabarani upande mmoja wa uso ukiwa mweusi. Gari dogo jeupe lilikuwa limeshageuzwa kuelekea Arusha, injini inanguruma. Akasimama mbele yake. Dereva angemkanyaga angekuwa na haki.

Kioo kikashuka. Mama Lydia alikuwa amevaa kilemba cha kijani na miwani, mikono yote miwili kwenye usukani. Lydia alikaa pembeni yake, uso kaugeuzia upande wa pili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akamtazama kuanzia juu mpaka kwenye mabuti. "Wewe si ndiye fundi wa madirisha?"

"Ndiye mimi, mama."

"Dirisha la jikoni halifungi."

"Nitakuja kulirekebisha."

"Sijasimama kwa ajili ya dirisha. Sema lililokukimbiza."

Lori la mchanga likapita likawatikisa. Ephraimu alingoja lipite, halafu akaona akingoja zaidi atapata kazi nyingine.

"Nampenda Lydia."

"Hilo najua. Tangu Krismasi mtoto anafungulia maji bafuni ili tusimsikie analia. Mimi ni mama, najua maji ya kuoga na maji ya kulilia." Lydia akasogea kidogo kitini, hakugeuka. "Nauliza kingine. Watu wako wako wapi?"

"Nitakuja saa tisa, mama. Kabla hamjawajibu."

"Na nani?"

"Mwenyewe."

"Hata huko kwenu Meru sijasikia mtu anakwenda kuomba mke mwenyewe. Baba yako?"

"Alishafariki. Na mama naye, mwaka juzi."

"Pole, mwanangu." Sauti ilishuka, lakini haikulegea. "Baba mdogo huna?"

Hapo ndipo palipokuwa na ile sababu. Ephraimu aliibeba mwaka mzima kama kaa la moto mfukoni.

"Yupo. Elihuruma, yuko kijijini Poli, kule mlimani. Hatuongei."

"Kwa nini?"

"Tulipomzika mama, alikata kahawa ya marehemu, akapanda parachichi. Mama ile kahawa aliipalilia mpaka anaumwa. Nikaenda alfajiri, nikang'oa miche yote, nikaimwaga mlangoni kwake. Watu wakajaa. Nikamwambia mbele yao kuanzia leo mimi sina ndugu mlimani." Akafuta tope usoni. "Wakakubali. Hakuna aliyenipigia tena."

Lydia akageuka. Macho yalikuwa mekundu.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo."

"Mwaka mzima ulikuwa unanificha miche ya parachichi?"

"Nilikuwa nakuficha kwamba sina wa kuja naye."

"Mimi nilidhani una mke," Lydia akasema, na midomo ikamtetemeka, haijulikani ni kicheko au kilio. Akageukia tena dirishani.

Mama Lydia alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kilemba, akairudisha.

"Sikia, kijana. Tope linaosheka. Shule, hata baba yake Lydia alimaliza ukubwani. Lakini nimtoe mwanangu nimpe mtu asiye na mtu? Siku akiumwa usiku, utakimbia kumgongea nani?"

Ephraimu alitafuta jina. Majirani wa Sombetini aliwajua kwa muziki wao tu.

"Saa tisa wageni watakuwa wameketi," mama akasema. "Ukija na mtu wa kukusemea, nitaagiza kiti kiongezwe, na mzee wangu akikasirika atanikasirikia mimi. Ukija peke yako, usibonyeze kengele. Utamwaibisha na utajiaibisha."

"Nimekuelewa, mama."

"Haya, pisha gari."

Akapisha. Lydia hakupunga mkono. Ila kioo cha upande wake kilipopita mbele ya Ephraimu alimtazama, na akaendelea kumtazama kwa kugeuza shingo mpaka gari likaingia kwenye kona ya miti na kupotea.

Juu angani hakukuwa na kitu tena. Simu ilikuwa inatetemeka, Mzee Hans anauliza, "Vipi, bado wapo? Wameelekea wapi?" Ephraimu akalifunga kundi. Namba ya baba mdogo alishaifuta siku ile ile ya miche, kwa hasira, lakini kichwani haikufutika. Akaibonyeza tarakimu moja moja, akisoma kwa sauti, kama mtoto anayetumwa dukani.

Ikaita sana. Alikuwa anakaribia kukata.

"Haloo. Nani mwenzangu?"

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba. Nani?"

"Ephraimu."

Huko mlimani jogoo aliwika, redio ikapunguzwa, kiti kikasogezwa.

"Mimi nilikuwa na Ephraimu mmoja," baba mdogo akasema. "Alituambia hana ndugu huku."

"Ndiye huyo huyo."

"Anasemaje?"

Alikuwa kapanga maneno. Njiro, saa tisa, Lydia, samahani kwa miche. Yote yakamtoka kichwani, akabaki anatazama nyayo za Lydia kwenye tope la kando ya lami, ndogo, zinaanza kukauka.

"Niko hapa Usa, barabarani," akasema. "Niko peke yangu, baba mdogo."

Ephraimu akasogeza simu akaangalia kama haijakatika. Sekunde zilikuwa zinatembea.

"Umekula?" baba mdogo akauliza.

Ephraimu alikaa chini pale pale, kwenye ukingo wa lami, na matope yake, akafunika macho kwa mkono ili wapita njia wasimwone.

"Bado," akasema.